Majina Kumi na Manne Yaliyoachwa Mwezini

Mhadhara uliotolewa Galerie d'Ixelles, Brussels

Nimshukuru kwanza mwenyeji wetu aliyekubali kufunga saluni yake mapema siku ya Jumamosi, siku ambayo kila mfanyabiashara wa humu ndani huitegemea. Upande wa Chaussée de Wavre watu bado wanachagua ndizi na samaki wa chumvi, upande wa Chaussée d'Ixelles vitenge bado vinaning'inia madirishani, nasi tuko hapa katikati, tumekalia viti vya kusukia nywele, tukiwazungumzia watu waliokufa kwa ajili ya safari za anga.

Mlangoni nimesimamishwa na mama mmoja. Mwalimu, kaniambia, sisi tuna misiba yetu. Kila mara karatasi ya mchango inapita, maiti irudishwe Bukavu, irudishwe Bujumbura, irudishwe Mombasa. Hao wanaanga wa Marekani na Urusi wana serikali zao za kuwalilia. Unawatakia nini? Mama, nimekusikia, na haya yote nitakayosema ni jibu lako. Ila jibu lina kona nyingi, unistahimilie.

Tusijifanye kwanza kwamba anga ni mambo ya wenzetu tu. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia, moja ya vituo vilivyosikiliza chombo chake kilikuwa Unguja, huko Tunguu. Wapo Wazanzibari waliokitazama kituo kile kwa jicho baya, wakasema ni cha makombora, na baada ya Mapinduzi ya 1964 kikafungwa, mitambo ikaondolewa. Kenya ilikuwa na jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, na hapo ndipo satelaiti iliyopewa jina la Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wenyewe. Nanyi mliotoka Katanga wazazi wenu wanawakumbuka Wajerumani wa kampuni ya OTRAG, waliopewa na Rais Mobutu eneo kubwa la kujaribia roketi. Juni 1978 Mobutu alikwenda mwenyewe kutazama. Roketi ikapaa kidogo, ikainama, ikaanguka. Hapakuwa na mtu ndani. Mwaka 2009, si mbali na Kinshasa, Wakongo wenyewe walirusha Troposphere 5 ikiwa na panya ndani. Ikaenda upande badala ya kwenda juu, na panya hakurudi. Naona mnacheka. Chekeni tu. Laika, mbwa wa Warusi, naye hakurudi mwaka 1957, na leo ana sanamu Moscow.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, na linaanzia hapa hapa Ubelgiji.

Paul Van Hoeydonck alizaliwa Antwerp mwaka 1925, akawa msanii ambaye mawazo yake yalikuwa angani kabla binadamu hajafika huko. Mwaka 1971 alikutana na David Scott, kamanda wa Apollo 15, wakapatana kwamba kitu kidogo cha mikono yake kisafiri hadi Mwezini. Masharti yalikuwa haya: kiwe chepesi, kiwe imara, kistahimili joto na baridi kali ya kule, na kisitambulike kuwa ni mwanamume au mwanamke, wala ni mtu wa taifa au rangi gani. Van Hoeydonck akatengeneza kijisanamu cha alumini chenye urefu wa sentimita 8.5, kichwa laini kisicho na sura, kitu cha kuenea kiganjani.

Kuanzia hapo maelezo ya wawili hao yanaachana. Msanii alisema alikusudia kijisanamu kisimame, kiwe binadamu wote wakitazama juu kwenye nyota. Scott alisema tangu mwanzo ilikuwa ni kumbukumbu ya wafu. Na mwenye chombo ndiye mwenye neno la mwisho: mwanzoni mwa Agosti 1971, kazi ikikaribia kwisha kwenye uwanda ulio karibu na bonde la Hadley, Scott alikilaza kijisanamu kwenye vumbi, akakisimamishia kibao kidogo pembeni, akapiga picha. Wakuu waliokuwa Houston hawakuambiwa wakati ule. Ulimwengu ulisikia baada ya wanaanga kurudi. Jina la mchongaji halikutajwa, kwani Scott hakutaka kumbukumbu igeuzwe biashara. Mwaka 1972 jina lilipojulikana, nyumba moja ya sanaa ya New York ilijitayarisha kuuza nakala 950, kila moja dola 750. NASA ikakasirika, na mpango ukafa. Msanii alisema hakuna aliyemweleza makubaliano ya kunyamaza. Mimi simlaumu fundi anayetaka jina lake lijulikane, hata kama bei ile ilikuwa kubwa.

Kwenye kibao yamo majina kumi na manne, kwa mpangilio wa alfabeti, bila cheo na bila nchi: Bassett, Belyayev, Chaffee, Dobrovolski, Freeman, Gagarin, Givens, Grissom, Komarov, Patsayev, See, Volkov, White, Williams. Fikirini mwaka huo. Marekani na Urusi zilikuwa zimeelekezeana makombora, Vietnam inaungua, na Mmarekani mmoja anawaweka Warusi sita katikati ya ndugu zake kwenye udongo wa Mwezi, bila kuomba ruhusa. Hilo ni tendo la kiungwana, na lolote nitakalosema baadaye lisilifute.

Matatu kati ya majina hayo yalikuwa bado na joto. Tarehe 30 Juni haihitaji kuelezwa kwa mtu wa Congo. Tarehe 30 Juni 1971 nchi ilikuwa inatimiza miaka kumi na moja ya uhuru, na asubuhi hiyo hiyo, kwenye nyika za Kazakhstan, kilitua chombo cha Soyuz 11. Kilitua salama kabisa. Mwavuli ulifunguka, roketi ndogo za kupunguza kishindo ziliwaka kama zilivyotakiwa. Waokoaji wakashuka kwenye helikopta, wakagonga ubavuni mwa chombo. Kimya. Walipofungua mlango waliwakuta wanaume watatu kwenye viti vyao, wametulia kama waliolala, miili bado ina joto. Wakawalaza majanini, wakajaribu kuwapulizia pumzi na kuwasukuma vifua. Haikusaidia.

Niruhusuni nikae kidogo hapa, maana mimi ni mwalimu wa fizikia na tukio hili nimelifundisha kwa miaka. Georgi Dobrovolski, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev walikuwa wametoka kukaa wiki tatu kwenye Salyut 1, kituo cha kwanza cha anga katika historia. Patsayev aliadhimisha huko siku yake ya kuzaliwa, mtu wa kwanza kufanya hivyo nje ya dunia. Wala hawakuwa wao waliotakiwa kwenda. Siku chache kabla ya safari, picha ya kifua ya mmoja wa timu ya kwanza ilionyesha doa kwenye pafu, madaktari wakahofia kifua kikuu, na kwa kanuni ya wakati ule timu nzima ikaachwa, ikaenda ya akiba. Baadaye ikabainika hakuwa na kifua kikuu.

Wakati wa kurudi, Soyuz hujigawa vipande vitatu, na vipande hivyo hutenganishwa kwa baruti ndogo ndogo. Zilitakiwa kulipuka moja baada ya nyingine. Zikalipuka zote kwa mpigo. Mtikisiko ule ukafungua vali ambayo kazi yake ni kuingiza hewa ya nje chombo kikiwa karibu na ardhi. Hapo walikuwa kilomita 168 juu, ambako nje hakuna hewa ya kuingia, kuna ya ndani tu ya kutoka. Vali ilikuwa chini ya viti. Kuifunga kwa mkono kulihitaji kama dakika nzima, na akili ya mtu aliyekosa hewa haimpi dakika nzima. Uchunguzi ulionyesha kwamba vali ilikuwa imeanza kufungwa. Mtu alijaribu.

Na kwa nini hawakuvaa suti za kuhifadhi hewa? Kwa sababu watatu wenye suti hawaenei mle ndani. Wakuu walitaka watatu kwa kuwa Wamarekani walikuwa wakipeleka watatu. Baada ya msiba, Soyuz ilibeba wawili, kila mmoja na suti yake, mpaka ilipoundwa upya miaka tisa baadaye. Kwenye maziko yao Moscow, mmoja wa waliobeba majeneza alikuwa Tom Stafford, mwanaanga wa Marekani. Ndani ya wiki chache majina matatu yaliingia kwenye kibao cha Scott, na tarehe 26 Julai Apollo 15 ikaondoka nayo.

Sasa tukisome kibao kile kama tunavyosoma karatasi ya mchango wa msiba: baada ya kuona nani ameandikwa, jicho linamtafuta asiyeandikwa.

Robert Henry Lawrence alizaliwa Chicago mwaka 1935. Alikuwa meja wa jeshi la anga la Marekani, rubani wa hali ya juu, na mwenye shahada ya udaktari wa kemia kutoka Chuo Kikuu cha Ohio State. Juni 1967 alichaguliwa kuwa mwanaanga katika mpango wa kijeshi wa kujenga maabara angani, ulioitwa MOL. Mmarekani mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuwa mwanaanga. Tarehe 8 Desemba mwaka huo huo, kwenye kambi ya Edwards huko California, alikuwa kwenye kiti cha nyuma cha ndege ya F-104 akimfundisha rubani mwingine kushuka kwa mteremko mkali sana. Ndege ilifika chini kwa kasi, ikapiga ardhi. Wa mbele aliumia, akapona. Lawrence alikufa, ana miaka 32. Mteremko ule mkali ndio ambao vyombo vya anga vya kurudi duniani vilikuja kuutumia miaka kumi na kitu baadaye.

Kwenye kibao cha Mwezini hayumo. Sidai kwamba Scott alimfuta kwa makusudi. Mpango wa Lawrence ulikuwa wa jeshi, mwingi wa siri, si wa NASA, na yaelekea orodha iliandikwa kwa watu ambao wenzao waliwajua. Lakini angalieni sababu iliyotolewa baadaye, wapenzi wa historia walipoanza kuuliza. Walijibiwa kwamba Lawrence hakuwa mwanaanga, kwa kuwa hakuwahi kufika urefu wa maili 50, yaani kama kilomita 80. Sawa. Basi turudi kwenye kibao. Theodore Freeman, ndege yake ya mafunzo iligongwa na bata bukini mwaka 1964: hakuwahi kufika angani. Charles Bassett na Elliot See walianguka mwaka 1966 wakati wa kutua, wakaligonga jengo ambamo chombo chao chenyewe kilikuwa kinaundwa: hawakuwahi kufika. Clifton Williams, ndege ya mafunzo, 1967: hakufika. Edward Givens alikufa kwa ajali ya gari: hakufika. Roger Chaffee aliungua Apollo 1 ikiwa bado imesimama jukwaani: hakufika. Sita kati ya kumi na wanne. Na Pavel Belyayev, ambaye alifika kweli, alikufa hospitalini baada ya upasuaji wa tumbo. Kama gari na vidonda vya tumbo vinamwingiza mtu, maili 50 zilitoka wapi kumzuia mtu wa Chicago?

Kijisanamu kilitakiwa kisiwe na rangi. Orodha iliyosimama pembeni yake ikawa nayo.

MOL ilifutwa mwaka 1969. Marubani saba wa mpango ule walihamia NASA, na wote saba walirushwa baadaye. Mmoja wao, Robert Crippen, alikuwa kwenye chombo cha Columbia kilipokwenda angani kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Unaweza kuipima mwenyewe nafasi ambayo Lawrence angekuwa nayo. Badala yake Wamarekani weusi walisubiri mpaka 1983, alipokwenda Guion Bluford. Na kwa kuwa tuko Brussels niongeze hili: mwaka 1992 Mbelgiji wa kwanza, Dirk Frimout, alikwenda na chombo cha Atlantis, akarudi shujaa wa taifa. Muulizeni jirani yenu Mbelgiji kamanda wa safari ile alikuwa nani. Alikuwa Charles Bolden, mtu mweusi wa South Carolina, aliyekuja kuiongoza NASA nzima.

Kuna walioachwa kwa sababu nyingine. Valentin Bondarenko alikuwa miongoni mwa vijana ishirini wa kwanza wa Urusi, kundi moja na Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kufika angani. Machi 1961 alikuwa kwenye mazoezi ya upweke, amefungiwa siku kadhaa ndani ya chumba chenye oksijeni nyingi. Siku ilipokaribia kwisha alijisafisha ngozi kwa pamba yenye spiriti, pale vilipokuwa vimebandikwa vyombo vya kumpima, akaitupa bila kutazama. Ikaangukia jiko la umeme. Katika oksijeni nyingi moto hausambai, unaruka. Alikufa baada ya saa chache, ana miaka 24. Wiki tatu baadaye Gagarin akaruka, dunia ikashangilia, na kifo cha Bondarenko kikafichwa mpaka mwaka 1986, gazeti la Izvestia lilipokiandika.

Katika miaka hiyo ya kuficha, Wamarekani walikuwa wakiunda Apollo. Jioni ya tarehe 27 Januari 1967, Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee walikuwa wamefungiwa kwenye chombo chao jukwaani kwa mazoezi ya kawaida. Ndani ilikuwa oksijeni tupu, tena kwa mgandamizo uliozidi wa nje. Cheche ikatoka mahali penye nyaya. Mlango ulifunguka kwa kuvutwa ndani, na joto lilipopandisha mgandamizo hakuna nguvu za binadamu ambazo zingeuvuta. Wapo wanaosema kwamba laiti kifo cha Bondarenko kingetangazwa, mafundi wa Marekani wangeogopa oksijeni mapema. Wapo wanaosema hapana, hatari ile ilijulikana, na kilichokosekana ni mtu wa kusema tusimame. Mimi naona wote wana sehemu yao. Ila hili la kuficha jina silimezi kwa urahisi. Jina lililofichwa linaondoka na sababu ya kifo, na sababu ya kifo ni mali ya waliobaki.

Hatari iliyokisambaratisha chombo cha Challenger haikufichwa na mtu, na bado haikuzuiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986 baridi ilishuka chini ya sifuri huko Florida, mahali ambapo watu huenda kuota jua. Mainjinia wa kampuni iliyounda roketi za pembeni, mmoja wao Roger Boisjoly, walisema kwa simu kwamba chombo kisirushwe: pete za mpira zinazozuia gesi ya moto isivuje kwenye maungio zinakuwa ngumu kwa baridi. Wakubwa wakawazidi kauli. Chombo kikapaa asubuhi, na baada ya sekunde 73 kikasambaratika mbele ya macho ya watoto wa shule waliokuwa wakimtazama mwalimu mwenzangu, Christa McAuliffe. Baadaye mwanafizikia Richard Feynman alichukua kipande cha mpira ule, akakibana, akakitia kwenye glasi ya maji ya barafu mbele ya kamera. Alipokiachia, hakikurudi haraka katika umbo lake. Jaribio la jikoni, limejibu swali la mabilioni.

Kati ya saba wa Challenger alikuwemo Ronald McNair wa Lake City, South Carolina. Mwaka 1959, mtoto wa miaka tisa, aliingia maktaba ya mji wake kuazima vitabu. Akaambiwa watu weusi hawaazimishwi. Hakutoka. Msimamizi akaita polisi, mama yake akaitwa, na mwisho mtoto akaondoka na vitabu vyake. Alikuja kuwa mtaalamu wa leza mwenye udaktari wa MIT. Mwaka 1984 alipiga saksafoni angani, na nyinyi watu wa mtaa huu wa Matonge hamhitaji kuelezwa thamani ya hilo. Kwenye safari ya 1986 alikuwa apige kipande kwa ajili ya albamu ya Mfaransa Jean-Michel Jarre. Jengo lile la maktaba leo lina jina lake.

Mwaka 1991 ilizinduliwa Florida, kwenye Kennedy Space Center, kumbukumbu kubwa ya ukuta wa mawe meusi uliosuguliwa mpaka ukawa kioo. Majina yamekatwa mpaka upande wa pili, ili nuru ipite katika herufi na jina lionekane limeelea kwenye mawingu yanayoakisiwa. Ukuta ulijengwa ugeuke pamoja na jua mchana kutwa. Mtambo wa kuugeuza ukaharibika mwaka 1997, wakaona kuutengeneza ni ghali, wakafunga taa. Mwaka huo huo, tarehe 8 Desemba, miaka thelathini kamili baada ya ajali, jina la Robert Lawrence likaongezwa. Halikujiongeza. Waliandika barua watu wa familia yake, wakaandika watafiti, wakajibiwa zile maili 50, wakaandika tena. Februari 2020 chombo cha mizigo kilichopewa jina lake kilikwenda kwenye kituo cha kimataifa cha anga, kikafika.

Sasa, mama wa mlangoni, nakuja kwako. Panda tramu namba 44 kutoka Montgomery mpaka Tervuren, uingie jumba la makumbusho la Afrika. Kuna ukumbi wenye ukuta ulioandikwa majina 1508 ya Wabelgiji waliokufa Congo kati ya 1876 na 1908. Kila mmoja kwa jina lake. Wakongo waliokufa miaka hiyo hiyo, ambao idadi yao ni ya mamilioni na bado inabishaniwa, hawakuwa na hata jina moja. Na si waliokufa Congo tu. Mwaka 1897 Mfalme Leopold alileta Wakongo 267 kwa ajili ya maonyesho, akawaweka kwenye vijiji vya kujengwa ili watu waje kuwatazama, katika kiangazi kilichokuwa na baridi na mvua. Saba walikufa hapo hapo Tervuren: Sambo, Mpemba, Ngemba, Ekia, Nzau, Kitukwa, Mibange. Makaburi yao yako kando ya kanisa, dakika chache kwa miguu kutoka kwenye jumba. Nimewataja kwa sauti makusudi, kwa sababu jioni hii nimeshawataja Warusi sita na Wamarekani wengi tu.

Jengo lile linalindwa na sheria, majina 1508 hayawezi kufutwa. Msanii wa Kinshasa, Freddy Tsimba, hakujaribu kuyafuta. Kwenye vioo vya madirisha yanayoukabili ukuta aliweka majina ya Wakongo, na kazi hiyo akaiita Ombres. Siku ya jua, vivuli vya majina hayo hutua juu ya majina ya kwenye ukuta na kutembea polepole kadiri jua linavyosogea. Siku ya mawingu huoni kitu, na Ubelgiji mnaijua. Niliposimama pale nilikumbuka ule ukuta wa Florida ambao jua lilikuwa lipite kwenye majina mpaka mtambo ulipokufa. Mafundi wawili wasiojuana, mmoja anawalilia waliopanda roketi, mwingine anawalilia walioletwa kwa meli, wote wamelitwika jua kazi ya kusoma majina. Kati ya hao wawili, Tsimba ndiye aliyefanya kazi ngumu zaidi, kwa sababu yeye alipewa ukuta uliokwisha jaa.

Hata sisi tuna walioachwa nje ya orodha zetu. Hapo Porte de Namur, hatua chache kutoka hapa, tangu 30 Juni 2018 kuna uwanja wa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Congo. Jino lake, kitu pekee kilichosalia cha mwili wake, lilikabidhiwa familia hapa Brussels mwaka 2022, likazikwa Kinshasa. Lakini tarehe 17 Januari 1961 waliopigwa risasi pamoja huko Katanga walikuwa watatu. Nilipouliza darasani kwangu wale wawili ni nani, wanafunzi wawili tu walijua, na mmoja alikosea jina moja. Maurice Mpolo na Joseph Okito. Hawana hata jino.

Kibao cha Mwezini hakitarekebishwa leo wala kesho. Kule hakuna mvua wala kutu, majina kumi na manne yatabaki kumi na manne muda mrefu baada yetu. Ninachofanya mimi ni kidogo: watoto wanaonijia Jumapili kusoma hesabu nawapa orodha ya kumi na saba. Nimemwongeza Lawrence na nimemwongeza Bondarenko. Wa kumi na saba ni Grigori Nelyubov, na huyu ndiye anayeleta ubishi. Alikuwa katika sita bora wa kundi la Gagarin, wa akiba nyuma ya Gherman Titov katika safari ile ya kwanza. Mwaka 1963 alilewa kwenye kituo cha treni pamoja na wenzake wawili, wakagombana na askari wa doria. Wakaambiwa waombe radhi yaishe. Yeye akakataa, wakafukuzwa wote watatu. Picha za kundi zikafanyiwa ufundi, akatolewa, palipokuwa na mtu pakawa hapana mtu. Akawa anawaambia watu huko Mashariki ya Mbali kwamba aliwahi kuwa mwanaanga, nao wakimwona mwongo. Februari 1966 alikufa kwa kugongwa na treni.

Mzee wa Lubumbashi aliyekaa pale nyuma ameshaniambia kabla hatujaanza kwamba hakubaliani nami, kwamba mlevi aliyefukuzwa kazi kwa kiburi chake hawekwi safu moja na Gagarin, na kwamba nikianza kumwingiza huyo, mlango hautafungika. Mimi nasema aliyefutwa kwenye picha kwa mkasi wa serikali amekwisha lipa deni lake la ulevi mara nyingi. Mzee, zamu ni yako, na tafadhali sema kwa sauti, maana nje bado wanauza.